Mama Léocadie Anarudisha Mikro

Jumamosi tarehe 31 Mei 2025, baada ya saa sita mchana, Mama Léocadie Muzaliwa atamaliza kusoma tangazo lake la mwisho, ataifunika mikro, kipaza sauti chetu, kwa kile kipande chake cha kitenge, na atastaafu baada ya miaka ishirini na minne ya kazi katika redio yetu ya hapa Kasongo. Kamati imeniomba mimi, Fadhili, fundi wa mitambo, niandike wasifu wake kwa programu ya sherehe. Wamesema uwe mfupi na uchangamshe. Nimefanya naye kazi miaka kumi na tisa na mimi pia nimechoka, kwa hiyo mnisamehe pale uchangamfu utakapopungua.

Alianza mwaka 2001, barabara zikiwa zimefungwa kwa vita na barua hazifiki. Kabla ya hapo alikuwa mwalimu wa darasa la tatu. Alipewa kazi ambayo hakuna aliyeitaka, kusoma matangazo ya vifo kila siku saa sita. Amesoma wakulima, wachimba dhahabu, wachuuzi na watoto waliokufa kabla ya kupewa jina. Kifo cha baba yake mzazi alikisoma mwenyewe, kwa sauti ileile, kisha akaomba ruhusa ya kwenda nyumbani.

Mawimbi yetu hayafiki mbali. Yakifika Lusangi tunashukuru. Pale Lusangi kuna watu wanaoandika tangazo kwenye karatasi na kumkabidhi mwendesha pikipiki wa kwanza anayeelekea Kabambare au Salamabila. Ndiyo maana Mama Léocadie husoma polepole na kutaja kila jina mara mbili, ili mwandikaji asikosee. Na huanza daima kwa maneno yaleyale: familia fulani inawajulisha ndugu na marafiki wote wa Kasongo, Lusangi, Kabambare na Salamabila. Maneno hayo yakisikika sokoni, hata wanaogombana juu ya bei hunyamaza kwanza.

Sasa nije kwenye filamu, maana najua ndiyo mnayoisubiri. Mwaka 2017 Glody, mpiga picha za harusi, aliamua kutengeneza filamu ya upelelezi iitwayo "Gramu Mia Tatu". Mfanyabiashara wa dhahabu anauawa, mali yake inaibwa, polisi wanamsaka jambazi. Vifaa havikuwepo. Bastola ilichongwa na seremala wa majeneza na kupakwa rangi ya viatu, na ukitazama vizuri utaona vidole vya jambazi ni vyeusi hadi mwisho wa filamu. Dhahabu ilikuwa punje za mahindi zilizopakwa rangi, na kule Lusangi, walikopigia picha nyingine, kuku mmoja aliingia akala karibu nusu ya ushahidi. Pikipiki ilikuwa moja tu, ya Ushindi, kijana anayebeba abiria hapa mjini. Polisi na jambazi walipokezana hiyohiyo, ndiyo maana katika mbio zote zile huwaoni pamoja hata mara moja.

Mikro nayo ilikuwa moja, ya redio. Mama Léocadie alikubali iazimwe kwa sharti kwamba saa tano na nusu iwe imerudi studio. Ushindi hakuwa na mzaha na sharti hilo. Siku moja jambazi alikuwa katikati ya kukiri makosa yake, Ushindi akachomoa waya, akaiweka mikro kifuani ndani ya jaketi na kuondoka. Kwa hiyo katika filamu ile watu wanaongea asubuhi na kunyamaza mchana. Watazamaji wa Kindu walimsifu sana Glody kwa ukimya huo. Alizipokea sifa bila kueleza lolote.

Lakini kuna ukimya mmoja ambao watu huniuliza hadi leo. Karibu na mwanzo, mtangazaji wa redio anasoma kifo cha yule mfanyabiashara. Ni Mama Léocadie mwenyewe. Midomo inacheza, sauti haipo, wakati mikro iko mbele yake. Wengi hudhani ni hitilafu. Si hitilafu.

Picha hiyo ilipangwa kupigwa studio, mara tu matangazo ya saa sita yakimalizika na mtambo wa kurusha ukizimwa. Siku ile mtambo haukuzimwa. Glody alimpa Mama Léocadie karatasi, naye akaisoma kama alivyozoea, kwamba familia ya Bisimwa, Bisimwa, mfanyabiashara wa dhahabu wa Salamabila, inawajulisha ndugu na marafiki wote kifo chake. Jina hilo Glody alilichagua bila kufikiri. Kumbe Salamabila alikuwepo Bisimwa wa kweli, mfanyabiashara wa dhahabu wa kweli, na mama yake, Mama Pélagie, alikuwa akiuza chumvi Kabambare.

Zilipita dakika ishirini ndipo mtu akaingia uani mbio kuuliza siku ya mazishi. Tulisoma masahihisho mara tatu. Lakini karatasi ilikwisha kuondoka Lusangi, na habari ya kwamba mtu hajafa haikupata wa kuibeba.

Alfajiri Mama Léocadie alipanda nyuma ya pikipiki ya Ushindi. Ilikuwa miezi ya mvua, wakatumia siku mbili kufika Kabambare, sehemu nyingine wakiisukuma pikipiki matopeni. Alikuta mikeka imetandikwa na Mama Pélagie amekaa chini katikati ya wanawake. Akakaa chini naye, akamwambia: "Mama, mutoto yako iko muzima. Ni miye nilisema, na nilikosea." Mama Pélagie akamwomba amwonyeshe basi huyo mtoto. Simu ya Bisimwa haikupatikana, alikuwa safarini. Mama Léocadie hakuondoka. Alikaa siku tatu kwenye kilio alichokileta yeye, akila chakula cha waliomtazama vibaya, mpaka Bisimwa akaja mwenyewe na mfuko wa mchele, akiuliza ni nani amekufa.

Aliporudi, kamati iliuliza kosa ni la nani. Alijibu: "Sauti ni yangu, kosa ni yangu." Alisimamishwa miezi mitatu. Nafasi ya mkuu wa vipindi, ambayo sote tulijua ni yake, alipewa mwingine, na haijamrudia tena. Glody alimsihi warudie ile picha, mtambo ukiwa umezimwa. Alikubali kuketi na kufungua mdomo tu. Kuhusu kutoa sauti alisema: "Siwezi kusema tena kifo ya mutu mwenye angali anakula." Ndivyo ilivyobaki katika filamu.

Mwaka 2021 Bisimwa alikufa kweli, kwa homa, kule Salamabila. Mama Léocadie alisoma tangazo, karatasi ikasafiri, ikafika. Mama Pélagie akaikunja, akaendelea kupima chumvi. "Redio ilisha kuniulia mutoto mara moja," aliwaambia ndugu. Hakuvua viatu wala kutandika mkeka, na waliokuja kulia aliwafukuza. Siku ya nne ndugu walifika hapa studio, wakasimama mlangoni bila kujua waombe nini. Mama Léocadie alikwenda kumtafuta Ushindi. Goti lake lilikuwa limekwisha kuharibika. Kuhusu safari hiyo aliniambia jambo moja, kwamba Mama Pélagie alipomwona akishuka kwenye pikipiki hakumngoja aseme kitu. Alianza kulia.

Tangu arudi amechoka, na halifichi hilo. "Fadhili, majina imenijaa mu kichwa," huniambia tukifunga studio. Amesoma maelfu ya majina, amemfundisha Nadine atakayeshika nafasi yake, na hakuchelewa saa sita hata wakati wa risasi. Mama Pélagie ameahidi kuja kwenye sherehe, na tumemwekea kiti mstari wa mbele.

Programu hii itasomwa kwa sauti, hewani. Kwa hiyo naomba kuweka tangazo moja, kwa namna aliyotufundisha.

Fadhili, Fadhili, fundi wa mitambo, anawajulisha ndugu na marafiki wote wa Kasongo, Lusangi, Kabambare na Salamabila kwamba siku ile ya mwaka 2017 aliyeacha mtambo wazi ni yeye. Glody alikuwa amemwahidi kuigiza polisi wa pili, na badala ya kuzima mtambo alikuwa nyuma ya mlango akijaribu kofia. Mama Léocadie alimkuta nayo kichwani, akajua. Hakumtaja mbele ya kamati, na kwa miaka minane hakumkumbusha hata siku moja.

Mama Pélagie, nakuomba msamaha. Mama Léocadie, asante kwa kazi, na asante kwa kunibebea mzigo ambao sikuwa na moyo wa kuubeba. Sisi sote tunaobaki hapa studio tunakuombea goti lipone na usingizi urudi. Nenda ukapumzike, na kila saa sita ikukute mezani, unakula.