Wiki Moja na Watoto Wetu Nairobi

Mgeni rasmi, Bi. Jyoti, mwenyekiti wa chama cha wakazi wa mtaa tunaofanyia kazi kule Spring Valley, mchungaji uliyetufungulia ukumbi huu, wazazi wenzetu, na nyinyi watoto mlioketi mikekani hapo mbele:

Sisi Kikundi cha Wazazi wa Mbali tunakukaribisha Uthiru kwa furaha. Anayesoma ni Philister, katibu, lakini maneno ni yetu sote. Tuliyaandika Jumapili mbili, na pale tuliposhindwa kuelewana tulipiga kura.

SISI NI NANI

Mgeni rasmi, sisi ni wapishi, yaya, watunza bustani, walinzi, na wachache ni mafundi wa ujenzi hapo Westlands. Wengi tumetoka magharibi mwa Kenya. Tuko wazazi thelathini na mmoja. Kumi na watatu tuna vyumba hapa Uthiru. Kumi na wanane tunalala kazini, kwenye vyumba vya nyuma, na tunatoka Jumapili moja moja. Watoto wetu wanalelewa na nyanya zao nyumbani. Sauti zetu wanazijua kwa simu. Sura zetu wanaziona Krismasi, tukipewa ruhusa.

Kikundi kilianza miaka mitatu iliyopita, wazazi tukiwa saba. Tulitaka jambo moja tu: likizo ya Agosti, watoto waje Nairobi wiki moja, waione, watuone, warudi. Wanalala humu ukumbini, wanapikiwa kwa zamu, na kila siku wanapelekwa mahali. Mwaka huu wamekuja ishirini na sita. Wote wako hapa, wazima. Tumewahesabu tena asubuhi hii, na tunashukuru.

FAIDA TULIZOZIONA

Nyanya kadhaa walitukatalia mwanzoni. Walisema jiji litawaharibu watoto. Mimi Philister nilikuwa upande wa hao nyanya, na kwenye kikao cha kwanza nilisema wazi kwamba mtoto akishaona taa za Westlands hatataka tena kuchota maji. Kikundi kimeniagiza niseme leo kwamba nilikosea. Nimekosea, nakubali.

Watoto wetu wamejifunza kuvuka barabara penye taa. Wameingia makumbusho na maktaba. Wamemwona mama mmoja akiendesha winchi ya ujenzi, juu kabisa, na Kalekye, mdogo kuliko wote, akauliza kama yule mama hushuka kula. Wamepita nje ya hekalu la Wahindu, gurudwara, nyumba ya ibada ya Masingasinga, na msikiti, asubuhi moja, wakajua kwamba Mungu anaombwa kwa namna nyingi na majirani wakabaki majirani.

Lakini faida kubwa ni kwamba wametuona sisi.

Emmah ana miaka kumi na minne. Alikuwa amemwambia nyanya yake kwamba anaacha shule aje Nairobi akae na mama yake kwenye ile nyumba kubwa yenye ngazi za marumaru. Mgeni rasmi, hapa lazima tukiri kosa. Sisi wenyewe ndio tuliomdanganya. Tunapiga picha sebuleni kwa waajiri wetu na mbele ya maua yao, tunatuma nyumbani, na hatuandiki kwamba nyumba si yetu. Emmah alipofikishwa kwenye chumba cha mama yake, aliangalia kitanda, jiko la gesi na picha yake mwenyewe ukutani.

"Mama, ile nyumba iko wapi?"

"Ile ni ya kazi. Hapa ndipo kwangu."

Aliketi kitandani, akanywa chai aliyotiliwa. Kisha akauliza, "Na kazi unaanza saa ngapi?" Mama yake akamwambia ukweli wote, tangu saa kumi na moja asubuhi. Emmah yuko hapa leo. Yuko sekondari, kidato cha pili, na haongei tena habari za kuacha shule. Mama yake naye anasema mzigo aliokuwa ameubeba miaka mingi, ule wa kuonekana tajiri, umemtoka.

HABARI YA NASIMIYU

Mgeni rasmi, sehemu ya habari hii unaijua kuliko sisi. Lakini watu wengi humu wanajua nusu tu, na mama yake, Everlyn, anayefanya kazi nyumbani kwako, ametupa ruhusa tuisome yote.

Agosti ya mwaka jana, basi la watoto lilipofika, kila mtoto alimkimbilia mzazi wake. Nasimiyu, miaka kumi na mmoja, alibaki amesimama. Everlyn alikuwa upande wa pili wa uwanja akimwita na kumpungia mikono yote miwili. Mtoto akamtazama, akageuza uso, akatazama kwingine. Everlyn akamwendea, akamkumbatia, lakini usiku ule alimwambia mwenzake, "Mtoto wangu amenikataa. Nimekaa mbali mno." Sote huwa tunaliogopa jambo hilo hilo.

Siku ya tatu, mwenyekiti wetu Zedekiah, ambaye ni mtunza bustani, aliwapandisha watoto kileleni mwa jengo refu la KICC, katikati ya jiji. Jiji lote likawa chini yao. Zedekiah akaanza mchezo: nani anaona reli? Nani anaona bendera? Watoto wakawa wanarukaruka wakionyesha vidole. Nasimiyu naye alionyesha, akapiga kelele, "Nimeona!" Lakini kidole chake kilielekea upande mwingine kabisa.

Zedekiah akamvuta kando, akachuchumaa.

"Nasimiyu, niambie ukweli, sitakuchapa. Unaona nini huko chini?"

"Naona kijivu."

"Na yule askari pale mlangoni?"

"Kuna askari?"

Askari alikuwa hatua ishirini kutoka walipokuwa. Mtoto akaanza kulia. Akasema huwa anasema ameona ili wenzake wasimcheke. Akasema ubaoni haoni chochote tangu darasa la kwanza, na huwa ananakili kwa jirani yake. Ripoti yake ya shule ilisema: mvivu, hasikii, hamalizi kazi. Kwao kijijini hakuna aliyegundua, maana pale kila njia, kila jiwe la mtoni, anavijua kwa miguu. Ilibidi aletwe mahali asipopajua ndipo tukajua.

Zedekiah alimpigia Everlyn simu. Everlyn alikuwa anapiga pasi. Na hapa, Mgeni rasmi, kuna jambo ambalo hata wewe hukuambiwa siku ile. Everlyn ana kaka aliyepofuka akiwa na miaka ishirini na miwili. Alianza hivyo hivyo, kwa kutoona mbali, akisingiziwa uvivu. Everlyn aliposikia maneno ya Zedekiah aliona kaka yake. Akasahau pasi mkononi. Shati la Mzee Arjun, mume wako, likaungua.

Ulikuja ukifuata harufu.

"Everlyn, kuna nini? Wewe hujawahi kuchoma nguo."

"Nisamehe, Madam. Nitalipa."

"Sijauliza shati. Nimeuliza wewe."

Akakuambia. Ukakaa kitini, ukasema maneno ambayo Everlyn ametusimulia mara nyingi tangu siku hiyo: "Miaka saba tuko nyumba moja, na mimi sijui jina la mtoto wako."

Asubuhi iliyofuata, kama ulivyoagiza, Zedekiah alimleta Nasimiyu hadi lango la mtaa. Kanuni inakataza watoto wa wafanyakazi kuingia. Mlinzi alikupigia simu, nawe ukatembea mwenyewe hadi langoni.

"Madam, amri ni amri. Mtoto wa mfanyakazi haingii."

"Huyu ni mgeni wangu. Andika hivyo kwa kitabu."

Mlinzi huyo anaitwa Wesonga, na ameketi safu ya tatu. Anaomba tuseme kwamba hajawahi kuandika jina la mgeni kwa mwandiko mzuri namna ile.

Mkaenda kliniki ya macho Westlands, wewe, Everlyn na mtoto. Nasimiyu alitiwa dawa ya matone, akangojeshwa, akaingizwa chumba kimoja, akatolewa, akaingizwa kingine. Everlyn hakuweza kukaa wala kunywa maji. Hatimaye Daktari Mwololo akawaita.

"Mama, haya macho hayana ugonjwa. Haoni mbali, basi. Miwani itamtosha."

"Hapofuki?"

"Hapofuki."

"Kaka yangu alianza hivi, daktari."

"Nimeangalia ndani kabisa, kwa sababu uliniambia habari za kaka yako. Ya kwake ni mengine. Mlete kila mwaka tumpime, lakini huyu hapofuki."

Everlyn alitoka nje ya mlango, akakaa sakafuni kwenye ujia, watu wakimpita. Nawe, Mgeni rasmi, ukakaa sakafuni kando yake. Nasimiyu ndiye aliyewaambia mnyanyuke, kwa kuwa watu walikuwa wanawatazama.

Miwani ilikuwa tayari Jumamosi, na Zedekiah alimpeleka kuichukua. Watoto wengine walikuwa bustani ya Arboretum wakicheza chini ya miti, naye akajiunga nao akisoma kwa sauti kila kibao alichokipita. Mchana Everlyn alipata ruhusa ya saa mbili, akaja. Alipoingia tu getini, akiwa bado mbali hata sisi watu wazima hatujamtambua vizuri, tulisikia mtoto akipiga kelele.

"Mama! Mama, nakuona!"

Akakimbia njia yote. Everlyn alimpokea, akamuuliza lile swali lililomkaa rohoni tangu siku ya basi: "Mbona siku ile ulinigeuzia uso?"

"Nilikuwa nakutafuta. Nilisikia unaniita, lakini sikujua wewe ni yupi."

Mgeni rasmi, sisi tuliokuwa pale tulishindwa kuendelea kupakua chakula. Mtoto hakuwa amemkataa mama yake. Hakuwa amemwona.

Nasimiyu amerudi mwaka huu. Ripoti ya muhula wa pili inasema anamaliza kazi na anauliza maswali mengi, wakati mwingine mengi mno. Mwalimu wake alipoona hayo alimwita muuguzi wa macho shuleni, wakapatikana watoto wanne wengine wasioona ubao. Wanne hao hawajawahi kufika Nairobi, lakini na wao wamefaidika na safari hii.

YANAYOTUTATIZA

La kwanza ni ruhusa. Mtoto anasafiri usiku kucha kuja kumwona mzazi, na mzazi anampata jioni mbili katika siku saba. Mwaka huu mwenzetu Mbugua amemwona binti yake saa tatu tu, jumla. Hatulaumu mtu. Waajiri wengi hawajui kwamba watoto wako hapa, kwa kuwa tunaogopa kuwaambia. Tunaogopa wataona tuna mambo mengi.

La pili ni lango. Kanuni ile ilikuwepo kabla yako. Lakini mtoto anapoelezwa kwamba mama yake yuko nyuma ya ukuta huu na hawezi kuingia hata kuona anaposimama akipika, tunakosa maneno ya kumweleza. Tulimwambia mmoja kwamba ni kwa sababu ya mbwa. Akasema yeye haogopi mbwa.

La tatu ni kwamba ukumbi huu una bomba moja, na watoto wanaongezeka.

MAOMBI YETU

Mgeni rasmi, tunakushukuru kwa kukubali kuja. Tunajua umechaguliwa mwenyekiti wa wakazi mwezi wa Januari tu, na kwamba huamui peke yako. Tunaomba yafuatayo.

Kwamba kanuni ya lango ijadiliwe katika mkutano wa wakazi, na mtoto wa mfanyakazi aruhusiwe kuingia akiwa na mzazi wake, aandikwe kitabuni kama wengine.

Kwamba katika wiki hii ya Agosti kila mzazi apewe siku mbili. Tuko tayari kuzifidia kabla au baada, kwa mpango wa mwajiri.

Kwamba wakazi wanaopenda waje watembee na watoto siku moja. Hatuombi watoe kitu. Tunaomba waje wawajue majina.

La mwisho limeongezwa kwa kalamu sasa hivi, na mwenyekiti wetu amekubali. Uliposhuka garini ulimshika Everlyn mkono, tukasikia ukimwambia, "Leo usirudi. Kaa na mtoto mpaka kesho. Chakula nitapika mwenyewe, na Mzee atavumilia." Asante. Basi la watoto linaondoka kesho saa moja asubuhi. Tunaolala kazini tunatakiwa kuwa tumerudi leo saa kumi na mbili jioni, na sasa ni saa tisa. Nambari za simu za waajiri wetu wote unazo, kwa kuwa ni majirani zako. Tunakuomba, ukimaliza hotuba, uwapigie, utuombee ruhusa kama hiyo.

Tuko wengine kumi na saba.

Mungu aibariki nyumba yako na ya kila jirani yako, awaangalie hawa watoto barabarani kesho, na awafikishe kwa nyanya zao wakiwa na mengi ya kusimulia.

Ni sisi,
Kikundi cha Wazazi wa Mbali, Uthiru.
Imesomwa na Philister, katibu.