Sinia Lisilo na Droo

Benchi lenyewe ni mlango. Mlango mzima wa mbao, uliong'olewa kwenye nyumba iliyobomolewa, ukalazwa juu ya matofali mbele ya kibanda cha kuchonga funguo. Tundu la kitasa bado lipo, na sheria ya kijiwe ni kwamba anayechelewa ndiye anayekalia tundu. Jumatatu ile aliyechelewa alikuwa Wingu, mtu wa tumbo na maneno, ambaye kazi yake ni kutunza mashine zinazoendesha programu ya kuandikisha wagonjwa katika hospitali sita. Mashine zenyewe hajawahi kuziona kwa macho. Ni za kukodi, ziko mbali huko; ukimwuliza ziko wapi anaonyesha juu kwa kidole, na ndipo jina lilipomnasa. Wenzake ni Kufuli, mwenye kibanda, anayeongea huku tupa yake ikikwaruza. Spana, fundi wa gereji ya jirani, mikono myeusi hadi viwiko. Na Mama Birika, mwenye chupa moja ya kahawa, sinia moja na vikombe sita. Chupa ikikauka, mkutano umefungwa, na hakuna aliyewahi kukata rufaa.

— Mbona leo umekaa kama gari lisilo na betri? Spana alimwanza.

— Nafikiri.

— Ebo! Na daktari umemwambia?

Wingu hakucheka. Aliiweka simu gotini, waione. Ujumbe ulitoka kwa mkuu wake wa kazi, mwanamke ambaye hajawahi kuandika neno la tatu pale ambapo mawili yanatosha: «Saa nne kamili. Imeji ipi. Jina moja, sababu moja.» Na saa tatu ilikuwa imeshapita na robo yake.

— Imeji ndiyo nini? Mama Birika aliuliza.

Swali hilo Wingu alikuwa analisubiri tangu alipokalia tundu.

— Mama, niazime sinia.

— Sinia langu haliazimwi.

— Nieleze tu, dakika moja.

— Mara ya mwisho ulieleza kwa kikombe changu, ukarudisha mshikio peke yake.

Lakini alikuwa ameshalivuta.

— Tazameni. Hivi vikombe ndivyo tunaviita kontena. Kila kikombe kina kazi yake. Hiki kinapokea jina la mgonjwa. Hiki kinatafuta faili lake. Hiki kinampa namba ya foleni.

— Hicho kina kahawa yangu, Spana alisema.

— Tulia, shemeji. Sasa kikombe hakisimami hewani. Kinasimama juu ya sinia, na hilo sinia ndilo mashine. Mimi ninayo matano. Na kila sinia limemiminwa kwenye kalibu; mfumo mzima unaoliendesha umo humo ndani ya kalibu. Kalibu ndiyo imeji. Ile tunayoitumia imezeeka, waliotengeneza wamesema hawazibi matundu yake tena. Nichague nyingine, na ziko mbili. Ya kwanza inatoa sinia lenye droo. Ndani mna kisu, koleo, tochi, kila kitu. Unaingia kwa mkono wako, unaongeza unachotaka. Ya pili inatoa sinia tupu. Bapa. Droo hakuna, mahali pa kuingiza mkono hakuna, kitu huongezi hata sindano. Linabeba vikombe, basi.

— Lenye droo! Spana alisema, kabla hajaulizwa. Bila hata kufikiri.

— Hilo tunakujua, Kufuli alisema.

— Sikilizeni nyie. Mimi niliitwa na dereva wa lori, katikati ya pori, gurudumu limepasuka, na hana hata jeki. Unajua tulilinyanyua kwa nini?

— Kwa maneno yako.

— Kwa mbuzi! Mbuzi kumi na wawili, waliokuwa nyuma ya lori, niliwapanga upande mmoja, likainama, upande wa pili ukainuka. Sasa mashine yako ya mawinguni ikipasuka, mbuzi utawatoa wapi?

Kufuli aliuweka chini ufunguo aliokuwa anaukereza.

— Mimi nawaambia hivi. Miaka ishirini ninaitwa kwenye nyumba zilizoibwa. Ishirini! Na kila nyumba ni yaleyale: mwizi amepanda kwa ngazi ya mwenye nyumba, amekata dirisha kwa msumeno wa mwenye nyumba, amebeba vitu kwa mkokoteni wa mwenye nyumba. Yeye kaja na mikono yake tu. Sasa huyo mwizi mwingize kwenye sinia tupu. Hakuna kisu, hakuna tochi, hata kigoda cha kukalia hakuna. Atafanya nini? Atapiga miayo aende zake.

— Hapo umesema, Wingu alikiri, bila furaha.

— Ningekuwa mimi, hata mlango nisingeweka. Nyumba salama ni ile ambayo mwenyewe yuko nje.

— Na wewe ule nini, nyumba zote zikikosa milango?

— Nitauza kuta.

— Mimi naona droo ndiyo mama wa takataka, Mama Birika alisema huku akiokoa kikombe kimoja kilichokuwa kinateleza. Nina kabati la droo nne. Ya nne sijaifungua tangu mume wangu alipokuwa na nywele. Siku moja kitu kitatoka humo kitudai chakula.

— Mashine ina hisia, Spana aliendelea, maana akianza hasimamishwi. Gari likijua huna spana, linakudharau. Linazima makusudi. Nimeshaona gari likicheka.

— Lilikuwa linacheka bili yako.

Wingu alipunga mkono wanyamaze.

— Hamjasikia la ajabu bado. Lile tupu likiumwa, halitibiwi. Linajijua lenyewe kwamba linaumwa, vikombe vyake vinahamishiwa kwa majirani, lenyewe linafutwa, na jipya linazaliwa kwenye kalibu ileile. Dakika moja na nusu. Hakuna aliyelishika.

Spana alimtazama Kufuli, Kufuli akamtazama Mama Birika. Kisha wote watatu wakaangua kicheko.

— Sasa hapo umetia chumvi, bwana.

— Haki ya nani!

— Gunia zima!

Huyu ni mtu aliyewadanganya asubuhi mia tatu wakamwamini. Ya mia tatu na moja akasema kweli, wakakataa.

— Haya, wewe mwenyewe unapenda lipi? Kufuli alimwuliza.

— Lenye droo, Wingu alijibu upesi. Kwani mimi ninaingia humo kila Alhamisi asubuhi, sinia kwa sinia. Yote nimeyapa majina. Kuna Mpole, kuna Mvivu, kuna Bi Mkubwa, kuna Kigugumizi, kuna Shemeji. Nikikosa wiki moja yananuna. Na ile Alhamisi iliyopita je? Yote matano chali! Hospitali sita kimya! Nani aliyafufua? Mkono huu hapa. Dakika mbili tu.

Aliuinua mkono wakauona. Walikuwa wameshauona Ijumaa, alipoyafufua kwa dakika kumi, na Jumamosi, alipoyafufua kwa dakika tano.

Aliuteremsha pole pole. Kuna kipande cha hadithi hiyo ambacho hajawahi kukigusa, na tangu ujumbe wa mkuu ulipoingia kilikuwa kinamkwaruza kama tupa ya Kufuli. Alhamisi ile aliingia kwa Mpole, kama kawaida yake, akaongeza kifaa kidogo cha kupima kasi. Hakuna aliyemwomba. Kifaa kilikuja na ndugu zake, programu ndogo ndogo za kukisaidia, kama ndugu wanavyokuja, na mmoja wa ndugu hao alimsukuma nje mkaazi wa zamani ambaye vikombe vyote vilikuwa vinamtegemea. Madhara hayakuonekana papo hapo, kwa hiyo Wingu, asiyependa kazi nusu, akafanya vivyo hivyo kwa yote matano. Yakaanguka. Dakika hamsini alihangaika kurudisha kwa mkono, jasho linamtoka. Mwisho akakata tamaa, akayafuta yote, na mapya yakazaliwa kwenye kalibu yakiwa safi, vikombe vikakaa juu yake kana kwamba hapakuwa na kitu. Ushahidi ulikwenda na yale ya zamani.

Kwenye kikao cha kazini akasema labda ni mabadiliko ya programu. Na kweli mwandishi wa programu, mwenzake wa meza ya pili, mama wa mapacha, alikuwa amebadilisha kitu kidogo asubuhi ileile. Tangu siku hiyo mama wa mapacha alikuwa anasoma kazi yake mwenyewe mstari kwa mstari, akitafuta kosa ambalo halimo, na leo saa nne alitakiwa kusimama mbele ya wote aeleze alikosea wapi. Ijumaa Wingu alipita mezani kwake akampa pole. Alimpa pole kabisa!

Sinia lenye droo lingemwachia mkono wake na Alhamisi zake. Kwa sinia tupu, badiliko halifanywi kwa mkono; linaandikwa mahali wote wanaposoma, na jina lako chini yake.

— Habari zenu, sauti ilisema. Mchonga funguo ni nani?

Alikuwa mama mmoja aliyevaa koti jeupe la hospitali, mkononi bahasha. Kufuli aliinua tupa. Mama akakung'uta bahasha, kikaanguka kitasa kilichopinda.

— Hiki kimevunjwa, Kufuli alisema.

— Tumekivunja wenyewe. Alhamisi kompyuta zilipozima ilibidi turudi kwenye madaftari, na madaftari yako kabatini, na ufunguo hakuna anayeujua. Tukapiga nyundo. Kinyooshe, unichongee na ufunguo mmoja. Niliandika watu mia na arobaini kwa mkono, kaka yangu. Mzee mmoja alirudi dirishani mara mbili kuniuliza daktari wake ni nani, na mwandiko ni wangu, na kuusoma siwezi.

Alionyesha kidole cha kati. Kilikuwa bado na plasta, pale kalamu ilipomchubua.

— Basi una bahati! Spana alirukia. Huyu hapa ndiye aliyezifufua!

— Kumbe ni wewe? Asante sana, kaka. Asante, asante.

Akampa Wingu mkono, ule wenye plasta. Wingu akaupokea, maana angefanyaje. Spana akamsogezea mgeni nafasi na kumweleza kesi yote, sinia na droo, mwizi na mbuzi, akiongeza mbuzi wawili. Mgeni alisikiliza mpaka mwisho.

— Sasa mimi sijasoma mambo hayo, alisema. Ila, ile mara ya mwisho ulipoingia humo ndani, kabla hazijazima, uliingia kufanya nini?

Aliuliza kama mtu anayeuliza saa ngapi.

— Si aliingia kuzitunza, Spana alimjibia.

— Kuzitunza vipi?

— Si… kuzipangusa pangusa.

— Zina vumbi huko? Kufuli aliuliza, na tupa ikasimama.

Wakamgeukia Wingu. Akaanza kuviteremsha vikombe kutoka kwenye sinia, kimoja kimoja. Alikuwa anazipitia Alhamisi zake moja moja, akitafuta hata moja ambayo sinia lilikuwa linamhitaji kweli. Alimkumbuka Mvivu, mwaka juzi, alivyomponya usiku kucha. Halafu akakumbuka ni nani aliyemwumiza mchana wake.

— Nimeuliza vibaya? mgeni alisema.

— Hapana, mwanangu, Mama Birika alimjibu.

Akaipindua chupa juu ya kikombe cha mgeni. Lilitoka tone moja, likafikiri, likaanguka.

— Imekwisha, alisema.

Saa nne kasoro dakika saba. Wingu aliishika simu kwa mikono miwili, akaandika kwa kidole kimoja, akifuta na kurudia: «Ile tupu. Sababu: mkono wangu. Alhamisi niliingia nikaongeza kitu nikaziangusha zote. Programu haina kosa.» Akahesabu. Mkuu alitaka sababu moja, na hiyo ilikuwa moja. Akatuma kabla tumbo halijamshauri vingine.

Jibu lilikuja hata hajapumua: «Sawa. Kamwambie mwenyewe. Sasa.»

Akasimama aende kwa mama wa mapacha.

— Umechagua lipi? Kufuli aliuliza.

— Lisilo na droo.

— Nilisema! Nilisema mimi! Nyumba bila mlango!

— Na Shemeji je? Spana alilalamika. Na Bi Mkubwa? Wale wapya utawaitaje?

— Hawatakaa muda wa kuzoea jina.

Alikuwa ameshapiga hatua tano Mama Birika alipopaza sauti:

— Sinia langu, wewe!

Kweli alikuwa nalo kwapani. Akarudi, akalifuta kwa mkono wa shati, akaliweka juu ya mlango, taratibu, na akabaki amesimama mbele ya yule mama wa hospitali.

— Dada. Zile mashine nilizifufua kweli.

— Ndiyo, nimeshukuru.

— Lakini pia mimi ndiye niliyeziua.

Mama alimtazama. Akakitazama kidole chake chenye plasta. Kisha akamgeukia Kufuli, aliyekuwa amekishika kitasa kilichopinda.

— Ule ufunguo wa kabati la madaftari, alisema, nilitaka mmoja. Hebu nichongee mitatu.