Mkaa wa Darasa la Kwanza

Mchungaji, wazee wa kanisa, walimu, majirani zetu wa Kawetele, nanyi wageni mliopanda mlima na mvua hii kuja kutusaidia kuzika, familia imenituma niwasomee maisha ya Mwalimu Sekela Asajile, na imeniagiza nisome yote, hata yale ambayo misibani huwa yanarukwa, kwa sababu marehemu mwenyewe hakujua kuumauma maneno.

Mwalimu Sekela alizaliwa tarehe 12 Machi 1952 huko Masukulu, mtoto wa tatu wa Mzee Asajile, mkulima wa migomba na kahawa, na waliocheza naye utotoni wanasema alikuwa akikunja pua kila alipoona jambo la hovyo, hata likifanywa na mtu mzima, tabia iliyomponza mara nyingi na ambayo hakuiacha mpaka anaingia kaburini.

Alianza shule ya msingi hapo hapo Masukulu mwaka 1960, akamaliza darasa la saba mwaka 1966, akaendelea na sekondari Mbeya hadi mwaka 1970, kisha akasomea ualimu kwa miaka miwili, na tarehe 1 Januari 1973 akaajiriwa serikalini, akaomba mwenyewe darasa la kwanza, darasa ambalo walimu wengi hulikimbia kwa ajili ya kamasi na vilio, naye akalishika miaka yote ya kazi yake, kwa hiyo wengi mlioketi hapa, pamoja na wenye suti, mlishikwa mkono naye kuandika herufi ya kwanza.

Tarehe 18 Desemba 1976 alifunga ndoa na Ndugu Lukasi, mpima majani ya chai, ambaye mnamwona pale mbele, na Mungu akawajalia watoto watatu, Tupokigwe, Abeli na Prisca, wote wako hapa.

Sasa tufike mahali ambapo familia imetaka pasirukwe. Mwaka 1988 wazazi wa shule moja ya msingi ya wilaya hii, ambako marehemu alikuwa akifundisha, ambayo wengi mnaijua na sisi hatutaitaja, walichoma matofali na kujenga chumba kimoja kizuri chenye dari na nondo madirishani, na kwa kuwa vyumba vingine vyote vilikuwa vinavuja, walikubaliana kwa kauli moja kwamba chumba kile ni cha darasa la kwanza, maana Tukuyu mnaijua, mvua yetu haina likizo, na mtoto wa miaka saba akilowa asubuhi hakauki mpaka jioni.

Basi zikaja zama hizi za soko huria, kila kitu kikaanza kushindanishwa, sabuni, bia, warembo, na hatimaye shule, na mwezi Februari mwaka 2000 kampuni moja ya kuuza mashine ikaleta shuleni kompyuta nne kuukuu, televisheni moja na deki ya video, ikatangaza Tuzo ya Ubora kwa shule itakayoongoza kufundisha kwa teknolojia, na masharti yake yalidai chumba kikavu, kisafi, chenye nondo na kufuli, lakini hakukuwa na sharti hata moja lililouliza kama mtoto amejifunza kitu.

Mkuu wa shule, Mwalimu Ackson, ambaye alikuwa na hamu ya tuzo hiyo kuliko ya chakula, aliwatoa darasa la kwanza tarehe 6 Machi 2000, akawaketisha barazani nje ya chumba chao wenyewe, chini ya turubai, na Mwalimu Sekela alipomwambia kwamba masika yanaanza, alijibiwa maneno ambayo aliyarudia nyumbani kwa kichefuchefu mpaka mumewe akayajua kwa moyo: "Watoto watazoea, Mwalimu. Mashine hazizoei."

Umeme wakati huo ulikuwa umeishia mjini, kwa hiyo tarehe 12 Mei kamati ya tuzo ilipokuja, iliazimwa jenereta ya mfanyabiashara wa ndizi, wanafunzi wa darasa la saba wakapangwa mbele ya kompyuta, wakawekwa vidole juu ya vitufe na kuonywa wasibonyeze, picha zikapigwa, makofi yakapigwa, shule ikapewa ngao, jenereta ikarudi kwa mwenyewe, na mashine zikafunikwa vitambaa vya kufuma kama makochi ya bibi harusi, zisiwashwe tena.

Watoto hawakurudishwa ndani, kwa sababu kamati iliahidi kurudi mwaka wa pili, na masika ya 2001 yalipoanza, ukungu ukaingia mpaka chumbani, Mwalimu Ackson akaogopa mashine zitapata kutu, akaamuru liwashwe jiko la mkaa humo ndani kila asubuhi, na mkaa huo, ndugu waombolezaji, uliletwa na watoto wa darasa la kwanza, kila mmoja na fungu lake kutoka kwa mama yake, wakiukabidhi mlangoni na kurudi barazani kutetemeka, huku mashine zikiota moto.

Mwezi Aprili mtoto mmoja, Lugano, alilazwa kwa kichomi, na Mwalimu Sekela, ambaye kifua chake mwenyewe kilikuwa kimeanza kumsumbua, alitoka kumtazama hospitali, akapita shuleni, akaona lile jiko limekolea katikati ya chumba kisicho na mtu, akasimama mlangoni akitazama, kisha akaenda pembeni ya choo akatapika, na hilo si neno la kupamba, mumewe alikuwepo.

Tarehe 11 Mei 2001, siku ya kamati kurudi, alifika shuleni alfajiri na mumewe na akina mama wa watoto, wakabeba mashine moja moja pamoja na vitambaa vyake, wakazipanga barazani chini ya turubai lile lile lililotoboka, wakafungua madirisha, wakaliweka jiko karibu na mlango, wakawaingiza watoto ndani, na wageni waliposhuka kwenye gari na kuuliza teknolojia iko wapi, aliwaonyesha barazani, akasema pale ndipo darasa la kwanza lilipokaa mwaka mzima. Mkubwa wa kamati alipopiga kelele kwamba vitu vinalowa, vitaharibika, yeye alimtazama Mwalimu Ackson, akasema kwa sauti ya chini, "Basi tuzizoeze," akaingia darasani, akaendelea na somo la kuhesabu.

Shule ilinyang'anywa ngao siku ile ile, na tarehe 4 Juni Mwalimu Sekela akatupiwa virago kwenda Isongole, kwenye baridi kuliko hapa, ila akina mama walikalia ule mlango kwa zamu mpaka likizo, na darasa la kwanza halijatoka tena kwenye chumba kile, wala Lugano, ambaye alipona, hajasahau nani alimrudisha ndani.

Baridi ya Isongole ilimaliza kazi iliyoanzwa barazani, mwezi Agosti 2003 madaktari wakaona mapafu yameharibika sana, akalazwa, akaruhusiwa, akalazwa tena, na alfajiri ya tarehe 9 Machi 2004, mume na watoto wakiwa kando ya kitanda, akafariki.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa hapa Tukuyu, walimu wenzake wa Isongole waliomchotea maji na kumpikia, majirani mliolala hapa tangu Jumanne, na akina mama wa ule mlango, ndaga fijo, asanteni sana. Tunawashukuru pia wageni wa kamati ya tuzo, waliotuletea jana cheti chenye fremu, kinachomtaja marehemu kuwa mwanzilishi wa ufundishaji kwa teknolojia wilayani Rungwe, wakaomba kikae juu ya jeneza wakati wa picha. Tumekipokea kwa mikono miwili, kama adabu inavyotaka. Tumekiweka barazani, hakijafunikwa kitu, na mvua ikikatika wanaweza kukichukua.

Mwalimu Sekela, pumzika kwa amani, mahali pakavu.