Mwalimu Elibariki Nassari, Aliyehamishia Uyoga Meza ya Kuku

Mwalimu Elibariki Ayubu Nassari alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 kijijini Poli, Meru, mtoto wa pili na wa mwisho wa marehemu Mzee Ayubu na marehemu Mama Ndeshi. Wa kwanza alikuwa Dorothea, aliyembeba mgongoni mpaka miguu yake ikaanza kuburuza chini, ndipo akamwambia ashuke atembee kama watu wengine.

Alisoma Shule ya Msingi Poli na sekondari mjini Moshi, na mwaka 1986 akahitimu masomo ya mimea Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Utafiti wake ulikuwa juu ya mwani. Alishinda majini Bagamoyo, suruali imekunjwa magotini, na kadiri sayansi ilivyosonga mbele akatoka na habari aliyoisimulia hadi kwenye harusi za watu: kwamba mwani wa kijani ni jamaa wa mchicha, lakini ule wa kahawia, pamoja na majani yake yote, ni mgeni kabisa kwenye ukoo huo. Mabwana harusi walisikiliza kwa adabu.

Mwaka 1999 alikuja Texas, akafundisha biolojia chuoni Arlington mpaka alipostaafu mwaka 2022. Mwanafunzi aliyeandika kwamba uyoga ni mmea alipata sifuri. Aliyekwenda kulalamika alipata maelezo, na wengi walisema bora ile sifuri.

Tarehe 12 Desemba 1992 alifunga ndoa na Joyceline Mbise, wakajaliwa Isack na Neema. Nyumbani kwao Grand Prairie, friji ilipangwa kisayansi. Mama Isack akitafuta hamira, aliikuta imekaa na uyoga kwenye rafu ya fangasi, na kuirudisha kabatini ilikuwa kutangaza vita.

Familia imeonelea isimpambe marehemu kuliko alivyokuwa. Tarehe 17 Oktoba 2021 ilikuwa Sikukuu ya Mavuno, na yeye, kama mzee wa kanisa, alipanga meza za mnada. Dorothea, ambaye wakati huo aliishi Arlington, alileta kikapu cha uyoga alioulima mwenyewe kwenye gereji yake, mavuno yake ya kwanza tangu aondoke Meru. Akakiweka kati ya maboga na mchicha. Mdogo wake akakinyanyua, akakipeleka meza ya kuku na mayai, kisha akashika kipaza sauti na kuwaeleza washarika kwamba uyoga si mmea, na kwa ukoo uko karibu zaidi na kuku kuliko na mchicha.

Mzee Elphas, dalali wa siku hiyo, hakuiacha nafasi ipite. "Haya, tuna kuku wa Mama Dorothea hapa. Hana mabawa, hana miguu, hawiki. Nani anamchukua?"

Kanisa zima lilicheka. Hakuna aliyetaja bei, maana hata aliyeutamani aliogopa kuwa kichekesho kinachofuata. Dorothea alichukua kikapu chake akatoka. Elibariki alimfuata mpaka kwenye gari.

"Eli," dada yake akamwambia, "ndugu wa uyoga umewajua. Wako hujamjua."

Neno moja la pole lingetosha. Yeye akajibu, "Lakini dada, kisayansi niko sahihi."

Mwezi huohuo Dorothea alihamia Houston kwa binti yake. Simu za Krismasi alizipokea Mama Isack, salamu zikapita kwake kama kwa mkalimani. Mwalimu alisema mara nyingi kwamba atakwenda. Safari moja alifika Corsicana, mji wa njiani kwenda Houston, akala baga, akageuza gari. Nyumbani alisema mvua ilikuwa kubwa. Hapakuwa na mvua.

Februari 2025 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Alitibiwa Dallas, na hospitalini aliendelea kuwasahihisha wauguzi kuhusu fangasi wa kucha, ila kwa sauti ndogo. Alhamisi tarehe 8 Mei alimwomba Isack ampigie shangazi yake na kumshikia simu sikioni.

"Dada, nilikuwa sahihi," alisema, "na nilikosea sana."

"Nakuja kesho asubuhi," Dorothea akasema. "Usiende popote, Eli."

Mwalimu alifariki dunia Ijumaa tarehe 9 Mei 2025, saa mbili asubuhi, dada yake akiwa barabarani kutoka Houston.

Baada ya simu ile alikuwa amemwagiza Mama Isack namna ya kuwapanga wafiwa. Mama Isack alinuna kidogo, kisha akakubali. Kwa hiyo ameacha dada, Dorothea Ayubu Nassari. Halafu mke, Joyceline. Watoto, Isack na Neema. Na wajukuu watatu, ambao wote wanajua uyoga ni nini.

Apumzike sasa kwa amani. Dada yake amefika.