Kiti cha Mbele Kinang'oka?

Benchi letu lina miguu mitatu na tofali, limeegemea ukuta wa duka la vipuri. Mimi ndiye mwenye birika. Nawamiminia kahawa na kuwasikiliza, na kusikiliza ndiyo kazi ngumu. Yupo Honi, fundi simu, ambaye hajui kunong'ona tangu azaliwe. Yupo Stepni, dereva wa lori mstaafu. Jina alilipata kwa tumbo, lililomzunguka kama tairi la akiba. Na yupo Mwalimu, mtu mpole, ambaye goti la mkewe lilipogoma kukunjika aling'oa kiti cha mbele cha gari lake, ili mama akae nyuma na kuunyoosha mguu wakienda kliniki. Gari lile tukalibandika jina la Kibogoyo. Wenzangu walimcheka Mwalimu, wakamwonyesha video za magari mapya asubuhi na jioni, mpaka akasalimu amri. Siku ninayoisimulia, Kibogoyo alikuwa ameshauzwa, na alasiri Mwalimu alikuwa aende kuchukua gari jipya.

Honi: Mwalimu, hebu itazame tena hii video. Jamaa anasema taa za ndani zinabadilika rangi kufuatana na moyo wako!

Stepni: Moyo wangu una rangi gani?

Honi: Kijani, kwa wivu.

Mwalimu: Mbona hajaliwasha?

Honi: Nani?

Mwalimu: Huyo kijana. Muda wote anapapasa usukani tu. Sijasikia injini.

Honi: Magari ya kisasa hayaungurumi, Mwalimu. Kimya kingi kina mshindo mkuu!

Stepni: Acha bwana. Mnamkumbuka yule mwandishi wa magari wa gazetini? Akiletewa gari anakaa nalo wiki nzima. Analipitisha kwenye mashimo, analibebesha magunia, kisha anampakia mama mkwe wake kiti cha nyuma.

Mwalimu: Halafu anaandika malalamiko ya mama mkwe, neno kwa neno. Kibogoyo nilimnunua kwa sababu yule mama alisinzia safari nzima.

Honi: Yuko wapi siku hizi?

Mwalimu: Ukurasa wake waliufuta. Sasa pale pana tangazo la gari.

Alilisema hilo taratibu, kama anayetaja mtu aliyezikwa.

Honi: Hawa wa sasa wanapewa chakula cha mchana na kofia. Mtu amevaa kofia ya kampuni, atasema breki mbovu? Thubutu!

Stepni: Kofia ni kidogo. Mimi nasema hawaliendeshi kabisa. Halina hata injini. Wanalisukuma juu ya kilima, linateremka lenyewe, wao wanaweka muziki. Nani hapa ameshaona video ya gari likipanda?

Tukatazamana. Hakuna aliyewahi kuona.

Honi: Na wewe bado unadhani kuna watu! Hakuna mtu, Stepni. Magari ya leo yana kompyuta tumboni. Gari lenyewe linajiandikia sifa, halafu linamtafuta kijana mwenye meno mazuri alisomee.

Stepni: Ndiyo maana wahenga walisema kizuri chajiuza.

Honi: Walishaliona hili!

Mwalimu: Sasa kama mnajua ni uongo, mbona mlinishikia bango nilinunue?

Honi: Si tuliona video zote, Mwalimu? Zote zinasifu! Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Nilitamani kummwagia birika zima. Mwalimu akatazama viatu vyake. Honi akajitia kupuliza kahawa iliyokwisha poa.

Hapo akatokea mwanamke mwenye mto kwapani. Sisi hatukumjua, lakini Mwalimu aliinuka haraka. Alikuwa mdogo wa mkewe, amekuja kumuuguza dada yake.

— Shemeji, za hapa?

— Njema, shemeji. Kuna usalama?

— Upo. Dada kanipa mto wake wa mguu, anasema uutangulize kwenye gari jipya, maana kesho ni kliniki. Na anauliza, kiti cha mbele kinang'oka?

Benchi zima likamgeukia Honi.

Honi: Kinapasha joto, shemeji. Na kinakanda mgongo.

— Nimeuliza kinang'oka?

Honi: Sasa... kitakuwa na nyaya nyingi chini. Ngoja kidogo.

Akafungua simu. Tukainamia kioo wote, hata mimi. Kijana wa video ya kwanza alikipapasa kiti. Wa pili alikigonga. Wa tatu alikinusa, akafumba macho kwa raha. Hakuna aliyekaa nyuma. Mlango wa nyuma wenyewe hakuna aliyeufungua. Stepni akaenda mpaka kwenye dirisha la duka la vipuri, akauliza, akarudi akitikisa kichwa. Hata wenye duka hawajawahi kuliona gari hilo kwa ndani.

Mwalimu: Stepni, yule mtu wako aliyemchukua Kibogoyo. Mpigie. Mwambie nimeghairi.

Stepni alichezea kikombe.

Stepni: Yule ni wa vyuma chakavu, Mwalimu. Nimempitia nikija huku. Walikuwa wameshaanza kumkata Kibogoyo.

Mwalimu aliketi. Hakumlaumu mtu, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Honi akaninyooshea kikombe bila kunitazama. Nikainamisha birika, yakatoka machicha matupu.

Shemeji alikuwa bado amesimama, mto kwapani.

— Basi dada nikamwambie nini?

Honi alijibu, na kwa mara ya kwanza nikamsikia akinong'ona:

— Mwambie taa zake zinabadilika rangi.