Paulus Siune Dilu, Mng'oaji wa Mivinje

Leo Jumanne, tarehe 25 Juni 2019, tunamzika Paulus Siune Dilu wa ukoo wa Yomdi, mume wa shangazi yetu Wamuna. Maneno haya yameandikwa na Otto Gand, mtoto wa kaka yake Wamuna, kwa niaba ya familia zote mbili. Kwa kawaida maandishi ya namna hii humsifu marehemu na kuwaacha walio hai wakae raha. Safari hii haitawezekana, kwa sababu maisha ya mzee huyu hayasimuliki bila kututaja sisi watu wa ukoo wa Gumbiku tuliompokea. Anayeona haya na ainamishe kichwa. Mwandishi ameshainamisha chake.

Siune alizaliwa Mirumane, ng'ambo ya mto, mwaka ambao padre aliyembatiza aliukadiria kuwa 1953. Mama yake, Nime, hakujua mwaka. Alikumbuka tu kwamba ulikuwa msimu wa kuvuna njugu za mkadi na kwamba mvua ilikataa kukatika. Baba yake, Dilu Mondo, alikuwa mtu wa mivinje. Kila shamba lilipochoka alilipumzisha, akateremka mtoni kung'oa miche iliyojiotea kwenye changarawe, akaipanda shambani na kuiacha miaka kumi na miwili. Ikishakomaa aliikata kwa nguzo na kuni, akalima tena mahali palepale, na viazi vikatoka vikubwa kuliko vya mwanzo. Siune alianza kubeba miche hiyo kwenye mfuko wa kamba kabla hajaota meno ya pili.

Alisoma shule ya misheni kuanzia 1962 hadi 1967, mwendo wa saa mbili kwenda na mbili kurudi. Kisa kimoja cha shuleni alikisimulia mpaka uzeeni. Mwalimu wa dini aliuliza ni nani aliyeumba udongo. Darasa zima likajibu kwamba ni Mungu. Siune akanyoosha mkono na kusema, "Mungu na mivinje." Alichapwa viboko viwili. Alipokuwa akisimulia alikuwa akiongeza kwamba kimoja kilikuwa cha kosa na cha pili cha kutolia.

Mwaka 1972 aliajiriwa na kikundi cha wataalamu waliokuwa wakipita milimani kupima udongo. Kazi yake kwa miaka kumi na mitatu ilikuwa kuchimba mashimo. Shimo lake lilikuwa na kina cha mita mbili, pembe zimenyooka, kuta zimesafishwa kwa kisu mpaka rangi zote za ardhi zionekane. Wenzake wakitoka kwenda kuvuta tumbaku, yeye alibaki ndani akitazama ukuta. Chini ya msitu aliona juu kabisa majani ambayo bado ni majani, kisha majani yaliyoanza kusahau, kisha udongo mweusi unaonukia, kisha wa kahawia, na chini yake yale majivu ya manjano ya volkano yaliyonyesha enzi za mababu, jua lilipopotea kwa siku tatu. Kwenye kilima kilichofyekwa hakukuwa na udongo mweusi. Majivu yalikuwa juu, hayana wa kuyafunika. Huko ndiko alikoonyeshwa pia vinundu vidogo kwenye mizizi ya mvinje, ambavyo huuchukulia mti chakula kutoka hewani, na majani yakidondoka chakula hicho hushuka ardhini. Alifurahi sana siku hiyo. Alisema baba yake alikuwa akilifanya jambo hilo maisha yake yote na hakuna aliyemwajiri.

Alifunga ndoa na Wamuna Kerenga Jumamosi tarehe 5 Agosti 1978. Shangazi anasema wachumba walikuwa watatu, na wawili walikuja wamejipaka mafuta ya nguruwe mpaka wanang'aa. Siune alikuja moja kwa moja kutoka shimoni, tope hadi kiunoni, wala hakuomba radhi. Walijaliwa binti, Yuana, na watoto wa kiume wawili, Bal na Mikael, ambaye alizaliwa baadaye hapa Nilkama, kwenye ardhi ya Gumbiku.

Februari 1988 vita vya koo viliwakuta Yomdi, wakashindwa. Nyumba za Mirumane zilichomwa, nguruwe wakachinjwa, na mivinje yote ya mzee Dilu ikakatwa siku hiyohiyo, maana adui anayejua kazi yake hakuachii cha kurudia. Ardhi yenyewe ilichukuliwa, na mpaka leo wanaoilima si Yomdi. Siune alivuka mto na mkewe, watoto wawili na nguruwe jike mmoja. Akaja kwa shemeji yake Gand Kerenga, ambaye ndiye baba wa mwandishi.

Gand alimpa kipande kwenye mteremko wa kusini. Alikitoa mbele ya watu, kwa sauti ya kutosha. Alisema, "Shemeji, panda viazi, panda mboga, jenga nyumba. Mti usipande."

Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Kwetu mwenye mti ndiye mwenye ardhi, na mgeni akipanda leo, wajukuu wake watasimama mahakamani na kuuonyesha kwa kidole. Hata kahawa alikatazwa. Siune alikubali, kwa sababu alikuwa na watoto wenye njaa na hana pa kwenda.

Mwaka wa kwanza viazi vilitoka vikubwa kama paja la mtoto. Mwaka wa tatu vilikuwa kama ngumi. Kila mvua iliteremka na udongo mweusi kidogo mpaka mtoni, na manjano yakaanza kuchungulia kwenye matuta. Alifukia nyasi ndani ya matuta, akaweka samadi ya nguruwe, akaongeza majivu ya jikoni. Vilisaidia msimu mmoja, viwili. Kwa watu wengine ardhi ikifa huwa ni bahati mbaya. Yeye aliujua ugonjwa, aliijua dawa, na dawa ilikuwa ikiota yenyewe mlangoni pake. Mbegu za mivinje ya zamani ya Gand zilipeperushwa na upepo na kuangukia shambani kwa Siune. Zikaota. Naye kila baada ya wiki mbili aliinama na kuing'oa miche kwa mkono wake, mmoja mmoja, kwa sababu Jumapili baada ya misa Gand alipita kukagua. Tulimpachika jina, Mng'oaji. Tulilisema hata mbele yake, naye alitabasamu na kuendelea kuinama.

Mwaka 1991 alimwendea Gand na fungu la miche mkononi, akamwambia hii ni mali yako, shemeji, imepotea njia, niipande wapi? Gand alifurahi. Akamwambia aipande upande wa Gand, ng'ambo ya ua uliogawa mashamba yao. Siune aliipanda, fungu baada ya fungu, miaka mitatu mfululizo, yote ikisimama kwa mstari hatua mbili tu kutoka kwenye ua, upande wa juu wa mteremko. Gand alijisifu kwa majirani kwamba amepata mgeni mtiifu anayemtajirisha kwa miti.

Miti ikarefuka. Kufikia 1998 majani yake membamba yalikuwa yakidondoka ng'ambo ya ua mchana kutwa, na mizizi ilikuwa imeshapita chini kimyakimya. Matuta matatu ya Siune yaliyokuwa karibu na ua yakaanza kuzaa. Udongo pale ukawa laini, ukabadilika rangi. Alizoea kwenda kuuchota asubuhi na kuunusa kabla ya kunywa chai. Shangazi anasema miaka hiyo alipiga mluzi akitembea, jambo ambalo hajawahi kulisikia kabla wala baada yake.

Gand aliligundua jambo hilo mwaka 2003, akampeleka mahakama ya kijiji. Hakimu, mzee Kamane, alimwuliza Siune nani alipanda. Akajibu, mimi. Kwenye ardhi ya nani? Ya shemeji. Miti ya nani? Ya shemeji. Sasa wewe umechukua nini? Siune akasema, "Yaliyoanguka tu, mheshimiwa."

Watu walicheka. Mwandishi alikuwapo, na alicheka pia. Gand hakucheka. Alisema mtu huyu amemlia mti akiwa amelala, kwamba leo ni majani na kesho ni kilima. Kamane alipima maneno mpaka adhuhuri, kisha akaamua. Majani ni ya mwenye mti hata yakianguka, kwa hiyo yafagiliwe na kurudishwa. Na ili mizizi isivuke, uchimbwe mtaro mpakani.

Basi kila Ijumaa shangazi Wamuna alifagia majani yale, akayajaza kwenye mfuko wa kamba, akayarusha ng'ambo ya ua. Alifanya hivyo miaka kumi na mitatu. Wanawake wa Gumbiku walimwuliza wakipita kama ameshamaliza kufagia mvua. Mtaro nao ulichimbwa na Siune mwenyewe, kwa sababu kijiji kizima hakikuwa na mchimbaji kama yeye. Aliuchimba kwa siku nne, pembe zimenyooka, kuta safi, na kila mzizi alioukuta aliukata kwa kisu kikali. Gand alisimama juu akimwangalia. Siune alimwambia bila kuinua uso, "Nikikata ovyo utaoza, shemeji. Mti hauna kosa."

Matuta matatu yalirudi kuwa kama mengine. Tangu hapo Siune alilima kwa sababu ya kulima. Bal na Mikael walikua, wakataka kuoa, na wasichana waliuliza wana ardhi gani. Hilo ndilo lililomuumiza kuliko viazi. Kilima kile kilikuwa kimembana yeye, na sasa aliona kinawabana wanawe, kwani wangeishi juu ya majivu ya manjano na kuzeeka wakiwa wageni, na wao pia wakiinama kung'oa. Aliwahi kuwaambia waende mjini. Walikwenda, wakalala miezi mitano kwenye kibanda cha mabati, wakarudi.

Mwaka 2016 kifua kilianza kumsumbua. Yuana, ambaye ni muuguzi katika mji wa Goroka, alimchukua na kumtibu miezi minane. Alipata nafuu kidogo, lakini aliomba kurudishwa. Aliporudi hakuweza tena kushika jembe. Alikaa mlangoni akitazama mteremko, na neno lililomkosesha usingizi lilikuwa ni wapi atazikwa, maana kaburi nalo, kama mti, ni madai. Mirumane hapakuwa na wa kumpokea. Alimwambia mkewe, "Msinizike hapa, mama Yuana. Watasema nimewaibia kwa maiti yangu."

Alifariki Ijumaa tarehe 14 Juni 2019, saa kumi jioni, karibu na moto, akiwa ameomba kipande cha kiazi cha kuchoma na kula nusu yake. Alikuwa na umri wa miaka sitini na sita hivi.

Mwili wake ulikaa mjini siku kumi na moja kwa sababu sisi tulikuwa tunabishana. Wapo waliosema apelekwe makaburi ya misheni, kwenye kokoto. Wapo waliosema azikwe Nilkama, lakini shangazi kwanza aweke alama ya kidole kwenye karatasi kwamba kaburi si dai. Shangazi alikataa kuigusa karatasi hiyo. Siku nane wote tulimsubiri Gand aamue.

Jumamosi asubuhi Gand alichukua sepetu. Ana miaka sabini na minne. Aliingia chini ya mivinje, upande wake wa ua, akaanza kuchimba. Vijana walipokuja kumsaidia aliwafukuza. Alipotia mkono shimoni udongo mweusi ulimfika kiwikoni, na chini yake bado ulikuwa mweusi. Akatoka, akavuka mtaro, akachimba kishimo katikati ya shamba la Siune. Chini ya kina cha kidole kimoja alikuta manjano. Alikaa chini palepale, sepetu mapajani, mpaka jua likawa kali. Hatimaye alimwita dada yake, akamwonyesha kwa mkono huku na huku. "Mimi nilimpa hiki," alisema. "Kile kule alinitengenezea yeye." Kisha akarudi chini ya miti, akamaliza kaburi peke yake.

Marehemu ameacha mjane, Wamuna Kerenga, watoto watatu, Yuana, Bal na Mikael, na wajukuu saba. Ameacha pia shemeji yake Gand, na sisi wapwa zake wa Gumbiku tulioutumia ujana wetu kumcheka.

Hapo mwandishi alikuwa ameandika, kama ilivyosemwa siku zote, kwamba mjane na wanawe wanaishi Nilkama kwa ruhusa ya Gand. Jana jioni Gand aliomba asomewe karatasi hii yote, pamoja na yale yanayomhusu, na alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Futa hiyo ruhusa. Andika ni wa Nilkama. Andika wapande miti, watu wasikie."

Neno hilo limefutwa. Wamuna, Bal na Mikael ni wa Nilkama, na miti watapanda. Shangazi alikuwa kando anamenya viazi vya watu wa msibani, wala hakuinua kichwa. "Miaka thelathini na mmoja, kaka," alisema. "Otto, andika na hiyo."

Imeandikwa. Mungu ampumzishe Paulus Siune Dilu kwa amani, katika udongo alioutengeneza kwa mikono yake.