Mzima wa Afya: Maisha ya Kaka Yetu Alvertis Gaines

Kaka yetu Alvertis Gaines alizaliwa tarehe 11 Agosti 1947, hapa hapa Sweet Gum, Alabama, mtoto wa kwanza wa marehemu Mzee Hosea Gaines na marehemu Mama Luvenia. Mimi Vernell, ninayewasomea wasifu huu, ndimi kitinda mimba. Ya utotoni nayasema kama nilivyosimuliwa, na mwenye kujua zaidi anisahihishe tukiingia ukumbini kula, si sasa.

Alisoma katika shule ya kanisa letu la New Canaan, kisha sekondari ya wilaya, akamaliza Mei 1966. Alikuwa mwimbaji. Ninyi mliomjua uzeeni mnacheka, najua, maana alikuwa akiimba wimbo wake na sisi wetu. Lakini wakati ule ndiye aliyeongoza kwaya ya vijana, na mtu akipotoka tuni kidogo tu alikuwa akimkata jicho hadi arudi njiani.

Novemba 1967 aliitwa jeshini, akapelekwa Vietnam katika kikosi cha mizinga. Kwa mwaka mzima alipakia makombora, masikio ameyaziba kwa pamba, siku alizoipata pamba. Tarehe 9 Oktoba 1969, katika kambi moja huko California, walipangwa mstari ili waruhusiwe kutoka jeshini. Sajini akatangaza, "Mwenye maumivu asimame kushoto amsubiri daktari. Siku nne, labda wiki. Aliye mzima, kalamu ile pale, ndege ni jioni." Masikio ya kaka yalikuwa yakivuma kama mzinga wa nyuki. Lakini mfukoni alikuwa na telegramu ya baba: mama yu hoi. Akaishika kalamu akaandika kwa mkono wake, "Mimi ni mzima wa afya." Alimkuta mama hai, akakaa naye siku kumi na moja.

Kuanzia 1971 hadi 2002 alikuwa fundi wa mabasi ya shule ya wilaya hii. Injini hakuwa akiisikia. Aliiwekea kiganja, akafumba macho, akakwambia kinachoiumiza. Sisi tulidhani ni kipaji.

Tarehe 24 Juni 1972 alifunga ndoa na wifi yangu Earlene. Mchungaji alipouliza kama yupo mwenye pingamizi, bwana harusi akaitika kwa sauti ya kijeshi, "Ndiyo, nipo!" Kanisa zima likaangua kicheko. Maskini, alikuwa akibahatisha. Alizoea kutazama midomo, kutabasamu na kukubali, mradi asimsumbue mtu kurudia.

Mei 2009 Earlene alimshurutisha kudai haki yake ya ulemavu wa vita. Kaka hakutaka makuu. Alitaka mtu mmoja wa serikali aandike kwamba masikio haya yaliharibikia kule. Jibu la ofisi ya askari wastaafu lilikuja baada ya miaka miwili: dai limekataliwa, kwa sababu tarehe 9 Oktoba 1969 mdai mwenyewe aliandika kuwa ni mzima wa afya. Wakaambatisha nakala, na mwandiko ni wake kweli. Tukakata rufaa. Earlene akaandika ushahidi wa ile harusi, ofisi ikajibu kwamba harusi si cheti cha daktari. Baada ya hapo ilikuwa barua moja tu kila mwaka: tunalishughulikia. "Dai langu lingekuwa mtoto," kaka alikuwa akisema, "sasa hivi lingekuwa linaniomba ufunguo wa gari."

Tarehe 14 Septemba 2017 tuliitwa hatimaye mbele ya hakimu, naye yuko mbali, kwenye skrini. Hakimu yule, mama wa makamo, akatabasamu, akauliza, "Bwana Gaines, unanisikia vizuri?" Kaka naye akatabasamu. "Vizuri kabisa, mheshimiwa." Jamani! Nilitaka ardhi inimeze. Earlene akaruka kitini, "Hasikii! Amekuona meno tu!" Lakini jibu lake lilikuwa limeshaandikwa. Jalada likarudishwa lianze upya, likafuatiwa na miadi ya daktari iliyoahirishwa, na nyingine, na kimya.

Nilimkasirikia, sifichi. Nikamwandikia kwenye karatasi, "Kaka, hujutii uliyoandika?" Akaisoma, akanitazama. "Nijutie nini, we Vernell? Mama alinishika mkono. Niletee karatasi ile leo, naandika vile vile." Akaikunja karatasi yangu. "Lakini na wao wangeniuliza mara ya pili."

Novemba 2023 mapafu yalianza kumsumbua. Muuguzi akimuuliza hali, alijibu, "Mzima," huku midomo imekuwa ya buluu. Alifariki Jumamosi, tarehe 2 Machi 2024, hospitalini Tuscaloosa, akiwa na miaka sabini na sita. Earlene alikuwa amemshika mkono.

Jumatatu Earlene alipiga simu ofisini, kwa kuwa sheria humpa mjane mwaka mmoja wa kushika nafasi ya mumewe katika dai. Binti aliyepokea akampa pole, kisha akasema, "Na wewe mama, hujambo lakini?"

"Sijambo," Earlene akasema. Nilimwona akishtuka. "Hapana, binti, futa hiyo. Sina hali. Mume wangu amekufa akiwasubiri miaka kumi na mitano kasoro miezi miwili, na mimi nimechoka. Andika kama ninavyosema."

"Nimeandika, mama."

"Nisomee."

Akasomewa, neno kwa neno. Ndipo akalia.

Marehemu ameacha mjane, Earlene, watoto wawili, Rochelle na Hosea, wajukuu watano, dada mmoja, na dai moja ambalo halijaamuliwa, sasa likiwa na jina la Earlene. Leo mkimpa mkono mjane, msimuulize halafu mkapita. Muulizeni mara ya pili.

Na kule alikokwenda, kaka akipewa kalamu aandike tena kwamba ni mzima wa afya, mara hii itakuwa kweli. Apumzike kwa amani.